Kabla Hujalipa, Niambie Ni Tiketi Ngapi

Mdogo wangu, najua ofa ikishaingia kwenye simu vidole vinawasha. Dar hadi London, kwenda na kurudi, kwa bei ambayo hata shangazi yako aliyeko Birmingham hajawahi kuipata. Nijibu kwanza: hiyo ni tiketi moja au mbili?

Swali hilo nalipa uzito kuliko bei yenyewe. Tovuti nyingi za kutafuta ndege huunganisha mashirika mawili yasiyojuana, kisha zikakuwekea jumla moja tamu. Chukua njia ya Istanbul. Unashuka uwanja mkubwa, upande wa Ulaya, halafu ndege ya London inaondokea Sabiha Gökçen, upande wa Asia. Hapo unapita uhamiaji, kwa hiyo lazima uwe na ruhusa ya kuingia Uturuki. Unachukua begi lako, unatafuta basi la kuvuka mji, unapanga foleni upya. Ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haikusubiri, na hela yake ndiyo imekwenda. Shirika lile halina habari na ulikotoka. Ingekuwa tiketi moja, wangekutafutia nafasi kwenye ndege inayofuata bila kukudai.

Haya, begi. Bei ya chini kabisa mara nyingi ni ya begi la mkononi tu, na sisi na vitenge vya wifi tunatoshea wapi humo? Tuseme umeokoa dola 250. Begi likitozwa dola 65 kila ndege, nawe una ndege nne kwenda na kurudi, hiyo ni dola 260. Umelipa zaidi, na usiku umelala kwenye viti vya chuma. Na ukitua uwanja wa Stansted bado hujafika London. Kuna nauli ya treni.

Wanaokwenda Kanada kwa kupitia Marekani nao wasikie: huko hakuna kupita tu. Hata ukibadilisha ndege kwa saa mbili, unapita uhamiaji wao na unahitaji viza yao. Ukikosa, utaishia kaunta ya Dar.

Ukinunua kwa ajenti wa WhatsApp, karatasi yenye jina lako na saa za ndege haitoshi. Inaweza kuwa nafasi imeshikwa tu, haijalipiwa. Tiketi yenyewe ina namba ya tarakimu 13. Iombe, kisha ingia tovuti ya shirika, weka namba ya buking na jina lako la ukoo, uone safari kwa macho yako.

Siyo kila cha bei chee ni mtego, jamani. Shirika moja kupitia Addis Ababa au Doha, tiketi moja, begi la kilo 23 ndani, kusubiri saa tano: mimi nanunua siku hiyohiyo, maana bei hizo hazilali. Ila tiketi ikipitia Nairobi, usije ukaruka kipande cha kwanza eti uko huko tayari, utaidakia ndege mbele. Usipotokea mwanzo, shirika hufuta vipande vyote vilivyobaki, hadi cha kurudi.

Kwako wa London: kwenye hela unayookoa, toa begi, viza na treni. Kilichobaki kisipofika dola 100, achana na ofa hiyo, kata tiketi moja.