Ghala Ndogo Mbele ya Ghala Kubwa: Kwa Nini Kache ya Diski Huweza Kuharibika Mfumo wa Kompyuta Ubadilishwapo

Katika vijiji vya Shinyanga na Geita, mkulima aliyevuna mtama au mahindi huhifadhi nafaka yake katika kihenge. Hata hivyo mpishi hapandi kihengeni kila anapohitaji kibaba kimoja. Huweka kiasi kidogo cha nafaka ndani ya kikapu jikoni, na kikapu kikipungua ndipo kihenge hufunguliwa. Kazi huenda upesi kwa sababu kinachohitajiwa mara kwa mara kimewekwa karibu.

Kompyuta nazo hutumia kanuni iyo hiyo. Ghala ndogo na ya haraka, iliyowekwa mbele ya ghala kubwa na ya polepole, huitwa kache. Faida yake ni kubwa, lakini ina hatari ambayo aghalabu haionekani mpaka siku ile mfumo endeshi wa kompyuta unapobadilishwa kuwa toleo jipya. Makala haya yanaeleza jinsi kache ya diski inavyofanya kazi, jinsi inavyoharibika, na hatua zipasazo kuchukuliwa kabla ya badiliko kama hilo.

Mwendo wa diski mbili

Diski ya kawaida ni sahani izungukayo. Ile izungukayo mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3 hivi. Kichwa cha kusomea hutumia kama milisekunde 8 kusogea hadi kwenye mstari wake, kisha husubiri kwa wastani nusu ya mzunguko, yaani milisekunde 4 hivi. Jumla ni milisekunde 12. Diski isiyozunguka, ambayo huhifadhi habari ndani ya chipu, huweza kutoa habari hiyo kwa muda wa milisekunde 0.1 hivi. Lakini kwa ukubwa ule ule wa nafasi, bei yake imekuwa juu zaidi.

Kwa hiyo hutumiwa zote mbili: diski ndogo ya chipu huwa kache, na diski kubwa izungukayo huwa ghala. Ikiwa maombi 90 katika kila 100 yanajibiwa na kache, wastani wa kungoja ni 0.9 × 0.1 kujumlisha 0.1 × 12, yaani milisekunde 1.29. Kasi imeongezeka zaidi ya mara 9, ingawa maombi 10 bado yanaifikia diski ya polepole.

Njia mbili za kuandika

Kusoma peke yake hakuleti mashaka makubwa, kwani nakala halisi imo ghalani. Mashaka huanza katika kuandika. Katika njia ya kwanza, kila habari mpya huandikwa kwenye kache na kwenye ghala pamoja, na kazi haihesabiwi kuwa imekwisha mpaka ghala limepokea. Njia hii ni salama zaidi lakini ni ya polepole.

Katika njia ya pili, habari huandikwa kwenye kache tu, mtumiaji huambiwa kwamba kazi imekwisha, na ghala hupelekewa baadaye. Njia hii ni ya haraka sana. Lakini kwa muda fulani kache ndiyo yenye nakala pekee ya habari ile. Habari ya namna hiyo, isiyokuwa bado imefika ghalani, wataalamu huiita habari chafu. Neno hilo halina maana kwamba habari ina kasoro. Maana yake ni kwamba haijahamishwa.

Na ichukuliwe kwa mfano ofisi ya kununulia dhahabu. Soko la madini la Geita lilizinduliwa Machi 2019, na kazi ya masoko ya namna hiyo hutegemea kumbukumbu za uzito, usafi wa dhahabu na malipo. Tuseme ofisi moja imeandika mauzo 200 kwa siku, na 12 kati ya hayo yangali katika kache. Ikiwa kache haisomeki tena, ghala litaonyesha mauzo 188. Mchimbaji mdogo ambaye mauzo yake yamo katika yale 12 atakuwa hana ushahidi ila karatasi aliyonayo mkononi, kama alipewa.

Isitoshe, kache huwa na daftari lake la ndani, lionyeshalo kila kipande cha habari kimewekwa wapi. Daftari hilo likiharibika, habari yenyewe huweza kuwapo nzima lakini isijulikane mahali pake. Baya zaidi ni kwamba kompyuta huweza kutoa kipande kisichostahili, nayo haina habari kwamba imekosea.

Mkasa wa mwaka 2019

Programu iitwayo bcache, iliyoanzishwa na mtaalamu Kent Overstreet, iliingizwa katika kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi huo, mwaka 2013 katika toleo la 3.10. Kwa miaka kadhaa ilitumiwa katika kompyuta nyingi. Mwishoni mwa Aprili 2019 mfumo wa Fedora ulitoa toleo lake la 30. Mwezi uliofuata, baadhi ya watumiaji walioingia katika toleo hilo wakiwa na bcache waliarifu kwamba habari katika diski zao zilikuwa zimeharibika.

Mshangao ulikuwa kwamba maandishi ya bcache hayakuwa yamegeuzwa kwa namna ya kuleta balaa hilo. Kilichobadilika ni kompaila, yaani programu inayofasiri maandishi ya mtaalamu yawe amri za mashine. Kerneli ya Fedora 30 ilitengenezwa kwa kompaila ya GCC toleo la 9.

Mtaalamu Coly Li, mtunzaji wa bcache, alichunguza na kugundua dalili moja: vipande viwili vya kilobaiti 4 vilivyopakana, ambavyo vilipaswa kuunganishwa katika daftari la kache, havikuunganishwa. Chanzo kilikuwa sehemu ndogo ya maandishi iliyotengeneza alama ya muda ya kutafutia mahali katika daftari. Alama hiyo iliwekwa katika nafasi ya kumbukumbu ambayo, kwa kanuni za lugha ya C, muda wake ulikuwa umekwisha kabla alama haijatumiwa.

Jambo hili huweza kufahamika kwa mfano wa karani wa ghala la pamba. Karani huandika kwa chaki ubaoni namba ya robota litakalotangulia robota jipya, kisha huenda kulipanga. Sheria ya ghala yasema kwamba ubao waweza kufutwa mara tu karani anapoondoka. Mfagizi wa zamani hakuufuta mpaka jioni, basi karani akazoea kurudi kuusoma. Alipokuja mfagizi mpya, akaufuta mara moja na kuandika mambo mengine, karani alisoma namba isiyo yake na kuliweka robota mahali pasipo pake. Mfagizi hakuvunja sheria. Kosa lilikuwa la karani tangu mwanzo, ila bahati ililificha.

Ndivyo ilivyokuwa: kompaila za zamani ziliiacha nafasi ile bila kuigusa, nayo GCC 9 ikaitumia kwa kazi nyingine. Marekebisho yalitolewa Juni 2019. Alama ilipewa nafasi idumuyo mpaka kazi yake iishe, na kosa likaondoka.

Njia nyingine ya kuharibika

Mkasa huo si wa pekee kwa aina yake. Programu nyingine za kache hukaa nje ya kerneli na kuunganishwa nayo kama kipande cha ziada. Flashcache, iliyotolewa na kampuni ya Facebook mwaka 2010, ilikuwa ya namna hiyo. Kerneli ikibadilishwa, kipande cha zamani hakikubaliki tena, na hapana budi kitengenezwe upya. Kisipotengenezwa, kompyuta huwaka na kuiona diski kubwa peke yake, bila zile habari chafu zilizobaki katika kache. Mtu asiyejua huanza kuandika juu ya diski hiyo, na hapo ghala na kache hazipatani tena.

Hatua zipasazo kuchukuliwa

Mahali ambapo fundi wa kompyuta huitwa kutoka mbali, kinga ni nafuu kuliko tiba. Yafaa hatua zifuatazo zifuatwe kwa mpangilio:

1. Nakala ya habari zote itengenezwe kwenye diski nyingine, kisha ifunguliwe na kusomwa. Nakala isiyojaribiwa haiaminiki.

2. Kache igeuzwe itumie njia ya kwanza ya kuandika, na isubiriwe mpaka habari chafu zimalizike kabisa.

3. Kache itengwe na ghala. Kuibadili njia ya kuandika peke yake hakutoshi, kwani daftari bovu huweza kutoa habari mbovu hata katika kusoma.

4. Toleo jipya lijaribiwe kwanza katika kompyuta isiyobeba kumbukumbu muhimu, na kerneli ya zamani isifutwe.

5. Baada ya badiliko, baadhi ya kumbukumbu zilinganishwe na nakala kabla kache haijarudishwa.

Ikiwa ajali imekwisha kutokea, kompyuta izimwe, na diski zote mbili zitunzwe pamoja. Programu ya kutengeneza diski isiendeshwe juu ya diski kubwa pekee, kwani itayaona mapengo yaliyosababishwa na habari chafu kuwa ni makosa, na katika kuyasawazisha huweza kuharibu kile ambacho kingeokolewa.

Maswali ya kujipima

1. Ikiwa maombi 80 tu katika kila 100 yanajibiwa na kache, wastani wa kungoja utakuwa milisekunde ngapi?

2. Kwa nini kuzima na kuwasha kompyuta hakuondoi habari chafu zilizo katika diski ya chipu?

3. Programu imefanya kazi miaka sita bila kasoro. Je, hilo ni uthibitisho kwamba haina kosa? Toa sababu.