Mafuta ya Breki Yakipungua, Kagua Pedi Kwanza

Magari ya kubeba mboga kutoka Wundanyi hadi Mwatate hushuka mteremko mrefu wenye kona kali. Mengi ni Land Cruiser na pikapu ambazo kabla ya kufika lami zimepita kwenye tope na mchanga wa njia za mashambani. Wakazi wenye magari haya wanahimizwa kusoma somo hili kabla ya mvua kuanza.

Makosa mengi huanzia kwenye kikopo cha mafuta ya breki. Dereva huona yamepungua, akaongeza, akaendelea na safari. Kumbe kupungua huko mara nyingi ni taarifa. Ukikanyaga breki, mafuta husukuma pistoni za kalipa, nazo hubana pedi kwenye diski inayozunguka na gurudumu. Pedi zikilika, pistoni hutoka nje zaidi na mafuta hushuka kwenye kikopo ili kujaza nafasi hiyo. Anayeongeza mafuta bila kukagua pedi anaificha dalili. Na kama pedi ni nzima, huenda mafuta yanavuja, jambo ambalo ni hatari zaidi.

Dalili nyingine ni mlio wa chuma kukwaruzana, gari kuvuta upande mmoja, na kikanyagio kutetemeka au kuzama.

Jinsi ya kubadilisha pedi:

1. Egesha mahali tambarare, vuta hendibreki na uweke mawe kwenye magurudumu ya nyuma. Legeza nati, inua gari kwa jeki, kisha uliegemeze kwenye stendi imara. Usifanye kazi chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

2. Toa gurudumu na upime pedi bila kuhesabu bati la nyuma. Zikibaki milimita 3 au chini, zibadilishe. Badilisha za kushoto na kulia kwa pamoja, hata kama upande mmoja bado una nafuu.

3. Usipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa pampu, kwani pedi nyingine huwa na asbesto. Lipanguse kwa kitambaa chenye unyevu.

4. Kagua diski. Unene wa chini unaoruhusiwa kwa kawaida huwa umechapwa kwenye diski yenyewe. Ikiwa imepungua zaidi ya hapo, au ina nyufa, inunuliwe mpya.

5. Ukilazimika kufungua kalipa, ifunge kwa waya. Usiiache ikining'inia kwenye mpira wa mafuta. Rudisha pistoni ndani polepole huku ukiangalia kikopo. Hapa ndipo mafuta yaliyoongezwa ovyo hufurika na kuharibu rangi ya gari.

6. Weka pedi mpya, rudisha gurudumu na ukaze nati kwa kuvukavuka. Kabla ya kuondoa gari, kanyaga breki mara kadhaa mpaka kikanyagio kiwe kigumu. Ukisahau hatua hii, mara ya kwanza utakapokanyaga gari halitasimama.

Tumia aina ya mafuta iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo, mara nyingi DOT 3 au DOT 4. Usitie mafuta ya injini. Huharibu mipira yote ya breki. Grisi au mafuta yasiguse pedi wala diski.

Ukiona mafuta yanavuja, au kikanyagio kikibaki laini baada ya kazi, usiendeshe gari. Mwite fundi aliyehitimu.

Hata breki mpya zinaweza kushindwa zikipata joto kupita kiasi. Mafuta yakichemka, kikanyagio huzama bila kushika. Kwa hiyo weka gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, injini ikusaidie kulizuia gari.

Bei ya pedi ni ndogo kuliko ya diski, na hakuna duka linalouza maisha ya aliyekaa kando yako.