Ukihamia umeme wa njia tatu, anza na ethi

Nyumba ikishaongezwa pampu ya kisima, viyoyozi na jiko la umeme, njia moja huanza kulemewa, na mwenye nyumba huomba TANESCO imhamishie njia tatu. Mazungumzo na fundi huwa ya mita mpya, swichi kuu na unene wa nyaya. Ethi haitajwi, kwa kuwa inajulikana ipo: ile rodi iliyopigiliwa nyuma ya nyumba miaka ile. Ningeomba ianzwe hiyo.

Fanya hesabu. Umeme wa nyumbani ni volti 230. Tuseme rodi yako ni nzuri, ukinzani wake na udongo ni omu 20 tu. Waya wa moto ukigusa bodi ya hita ya maji, mkondo utakaokwenda ardhini hautazidi ampea 11.5. Sakiti breka ya hita ni ya ampea 20 au 32, na kwake huo ni mzigo wa kawaida kabisa. Haitakata. Bodi itabaki na umeme mpaka mtu aiguse akiwa na mikono mibichi. Kwa nyumba inayotegemea rodi yake yenyewe, basi, rodi pekee haiokoi mtu.

Kinachookoa ni RCD. Hiyo hulinganisha mkondo unaotoka na unaorudi. Ukivuja mkondo wa miliampea 30, hukata kabla theluthi ya sekunde haijapita. RCD moja ya njia moja haiwezi kulinda fezi zote tatu, kwa hiyo iweke kwenye bajeti mapema. Kitufe chake chenye herufi T kibonyeze kila mwezi, ukijua kwamba kinajaribu kifaa chenyewe tu. Hali ya rodi hakiisemi.

Rodi hupimwa kwa mita ya ethi, swichi kuu ikiwa imezimwa na waya wa ethi umefunguliwa. Kanuni za Uingereza, BS 7671, huona ukinzani unaozidi omu 200 si wa kutegemewa. Mchanga wa pwani ukikauka wakati wa kiangazi namba hupanda, na kwenye miamba ya Mwanza rodi huenda isizame vya kutosha. Dawa ni kwenda chini zaidi, au kupiga rodi ya pili umbali usiopungua urefu wa ile ya kwanza. Wapo wanaomwaga chumvi na mkaa shimoni. Mvua huiosha chumvi, nayo ikiwapo hula chuma.

Waya wa ethi nao ulingane na nyaya mpya. Kwa kawaida nyaya za fezi zikiwa hadi milimita za mraba 16, wa ethi huwa unene huohuo. Zikizidi hapo hadi 35, 16 hutosha.

Kisha mabomba ya chuma yanayoingia ndani yaunganishwe na kituo kikuu cha ethi, kwa waya wa shaba usiopungua milimita za mraba 6. Hita ikipata hitilafu, bomba na bodi yake vitapanda volti pamoja, na mtu aliyeshika vyote viwili hatakuwa kati ya volti mbili tofauti. Bomba la plastiki halihitaji kuunganishwa. Lakini bomba lisiwe ndiyo ethi yenyewe: siku fundi bomba akibadilisha kipande kwa plastiki, nyumba nzima imebaki bila ethi, na hakuna atakayejua.

Kuna hatari nyingine ambayo ethi haiizuii. Kati ya fezi na fezi kuna volti 400. Nyutro ikilegea, fezi yenye vifaa vichache inaweza kupata volti nyingi mno kuliko 230, na friji au televisheni ikaungua. Viungo vya nyutro vikazwe, na mzigo ugawanywe sawasawa.

Baada ya kazi, RCD ikikatakata, usikubali iondolewe. Mara nyingi ni nyutro iliyogusana na ethi kwenye soketi ya zamani, au pampu iliyoingia maji. Itafutwe. Kwa Tanzania Bara, tumia fundi mwenye leseni ya EWURA, na kabla hujammalizia malipo akukabidhi vipimo vya ethi na RCD kwa maandishi.