Mbolea ya Ruzuku: Meseji ya Mifuko, Siyo ya Pesa

Mvua ya Oktoba ikikaribia, wateja wetu wa Meru na Embu huanza kuuliza: ile ruzuku ya serikali itaingia lini kwa simu? Haiingii. Ruzuku ya mbolea si pesa unayotumiwa, ni bei iliyopunguzwa. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 ulishuka hadi shilingi 3,500, na 2023 ukafika 2,500. Hiyo 2,500 unalipa wewe.

Kinachofika kwa simu ni meseji ya kukuambia umetengewa mifuko mingapi, kulingana na shamba ulilosajili. Ukipata mifuko 4, weka 10,000 tayari (ya bodaboda kando), beba kitambulisho, kisha ulipe ukiwa pale ghala la NCPB. Soma jina la anayelipwa kabla ya kuweka namba ya siri.

Kwa hivyo meseji ya "umepokea ruzuku, tuma 300 tuifungue" ni ya wezi. Usijibu, usipige.

Lakini kinachowaumiza wengi zaidi ni laini. Ulijisajili na namba ya kijana wako aliye Nairobi, ama laini iliyopotea? Meseji inaenda huko, nawe unangoja huku majirani wa Mbeere na Tigania wanapanda. Peleka kitambulisho kwa chifu ama afisa wa kilimo wa wadi, uulize namba gani iko kwa rekodi, ibadilishwe sasa kabla foleni ya ghala haijafika barabarani.