Motokaa ya Fahari Inapochemsha Maji

Katika miaka ya 1990 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kutia katika motokaa zake injini iitwayo Northstar, yenye silinda 8 na ukubwa wa lita 4.6. Injini hiyo ilisifiwa sana kwa nguvu zake. Leo motokaa hizo zimekuwa kuukuu na huuzwa kwa bei ndogo. Anayezitamani na ajue ila yake kwanza.

Bloku ya injini hiyo ni ya alumini. Boliti zinazobana hedi ni za chuma, nazo hushika katika meno yaliyochongwa ndani ya alumini hiyo laini. Injini ikipata moto na kupoa kwa miaka mingi, meno hayo hulika na kung'oka. Boliti ikilegea gasketi haibanwi tena, na gesi ya moto hupenya katika njia za maji. Ndipo maji hupungua pasipo kuonekana yanapovujia, rejeta hutoa mapovu, na mshale wa joto hupanda, hasa mlimani.

Hapo wengi hupoteza fedha. Hutia gasketi mpya, kisha boliti huzunguka bure katika matundu yale yale. Fundi stadi hupanua kila tundu, si lile bovu peke yake, akachonga meno mapya na kupachika ndani yake kijibomba cha chuma chenye meno, ili chuma kishike chuma. Dawa za kumimina katika rejeta husaidia kwa muda mfupi tu, nazo huweza kuziba rejeta yenyewe. Mara nyingi kazi hiyo hutaka injini ishushwe, na gharama yake yaweza kupita thamani ya motokaa.