Dondoo muhimu: Jitengenezee kivuta bushi

Magari ya Probox yanayopanda na kushuka vilima vya Kisii na Nyamira huchakaa bushi za mikono ya magurudumu. Weka nyundo kando, utengeneze kivuta:

• Pima bushi kwa kalipa kabla ya kumwona fundi jua kali mwenye mashine ya kukereza.
• Kipande cha bomba nene cha kupokea bushi inayotoka kiizidi bushi hiyo kwa milimita 2 kwa ndani.
• Kisukumizi cha kutoa bushi kipungue tundu la mkono kwa nusu milimita.
• Chagua bolti ya kuvuta yenye alama 8.8 au 10.9, chuma laini huliwa meno.
• Paka meno grisi, weka washa nene.
• Kamwe usitumie kivuta hiki kubania springi, ikifyatuka huua.
• Ukimaliza kuweka bushi mpya, shusha gari likanyage chini ndipo ukaze bolti za mkono kabisa. Ukizikaza likiwa juu ya jeki, bushi hujipinda na kuchanika mapema.