Usingizi Utarudi: Vidokezo 11 kwa Aliyeacha Pombe Moshi na Vijiji vya Mlimani

Ukiacha pombe, pongezi unazipata mchana. Usiku unabaki wewe na kitanda chako. Saa nane imefika, macho makavu, shuka limelowa jasho, na wazo moja linazunguka kichwani: "Ningepata kidogo tu, saa hizi ningekuwa nimelala." Wazo hilo limewarudisha wengi kwenye pombe, tena watu waliokuwa wameshapita siku ngumu zaidi. Kwa hiyo tulizungumze wazi, kwa vidokezo unavyoweza kuanza kuvitumia leo, uwe unaishi Majengo, Pasua, Kibosho, Marangu au Rombo.

1. Kabla ya yote, pima hatari

Kama ulikuwa unakunywa sana kila siku kwa miaka, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka uzimue, usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Mwili huanza kudai pombe ndani ya saa 6 hadi 24 tangu unywaji wa mwisho: jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio, kutetemeka, usingizi kukataa kabisa. Kwa wengi hali hiyo hutulia ndani ya wiki moja hivi. Kwa wachache inageuka kuwa ya hatari. Mtu anaweza kuanguka kama mwenye kifafa, hasa ndani ya siku mbili za kwanza. Au kati ya siku ya pili na ya nne anachanganyikiwa, anaona wadudu ukutani, anaongea na watu wasiokuwepo.

Ndugu wakiona hivyo wasiseme amerogwa, wala wasingoje kukuche. Hiyo ni dharura, na inaua. Apelekwe hospitali iliyo karibu, iwe KCMC au Mawenzi mjini, Kibosho, Machame, Marangu, Kilema, au Huruma kule Rombo. Madaktari wana dawa za kumtuliza na kumshusha hatua kwa hatua, na humpa vitamini B1, ambayo wanywaji wa muda mrefu huwa wamepungukiwa nayo. Waambie ukweli wa kiasi ulichokuwa unakunywa. Matibabu yatapangwa kwa kufuata jibu hilo.

2. Jua ubongo unafanya nini

Pombe hupoza ubongo. Ukiinywa kila siku, ubongo unajibu kwa kupandisha kemikali zake za kuamsha, ili kazi ziendelee licha ya pombe. Siku unayoiondoa, kile kinachopoza kimeondoka, lakini vile vinavyoamsha bado viko juu. Ndiyo maana mwili umechoka na kichwa kiko macho.

Kumbuka pia usingizi wa pombe ulivyokuwa. Ulikuwa unazimika haraka, kisha saa tisa unaamka na kiu, mkojo, jasho na moyo unaodunda. Pombe huharibu nusu ya pili ya usiku na huongeza kukoroma. Usingizi unaoutamani, hata wakati ule hukuwa nao. Unaokuja sasa utakuwa bora, ila unachelewa. Kwa wengi hali hutengemaa ndani ya wiki chache. Waliokunywa sana kwa miaka mingi wanaweza kuhitaji miezi kadhaa.

3. Usizimue ili ulale

Kata moja ya mbege, bia moja, kifuniko cha konyagi "kwa ajili ya usingizi tu": hapo ndipo safari ya kurudi inapoanzia. Utalala haraka usiku huo, na ubongo uliokuwa umeanza kujirekebisha utarudishwa nyuma. Ondoa pombe nyumbani kabisa. Angalia nyuma ya kabati, kwenye buti la gari, stoo ya kahawa na mfuko wa koti. Pombe ya viroba ilipigwa marufuku nchini Machi 1, 2017, lakini vichupa vidogo vinavyoingia mfukoni bado vipo. Saa nane usiku, pombe iliyo mbali ni rahisi kuishinda kuliko iliyo chini ya mto.

4. Amka saa ileile, hata kama hukulala

Hiki ndicho kidokezo kigumu zaidi, na ndicho chenye nguvu zaidi. Chagua saa ya kuamka, tuseme saa kumi na mbili asubuhi, uishike kila siku, Jumapili ikiwemo. Usifidie usiku mbaya kwa kulala mpaka saa nne. Ukilazimika kujilaza mchana, iwe kabla ya saa tisa na isizidi nusu saa.

Ukishaamka, toka nje. Mwanga wa asubuhi huiambia saa ya mwili kwamba siku imeanza, na saa hiyo ndiyo itakayoleta usingizi usiku. Huku kwetu urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, na asubuhi ina zawadi yake: Kibo huonekana vizuri kabla mawingu hayajaifunika. Kata majani ya ng'ombe, palilia kihamba, tembea kwa miguu mpaka kituo cha daladala. Kazi ya mwili mchana ni dawa ya usingizi isiyouzwa.

5. Kahawa iishie saa sita mchana

Tuko katika nchi ya kahawa. Chama cha ushirika cha KNCU kilianzishwa mwaka 1933 kwa ajili ya zao hili, na vihamba vyetu bado vimejaa mibuni chini ya migomba. Lakini kafeini hukaa mwilini muda mrefu. Baada ya muda wa saa tano hivi, karibu nusu yake bado imo. Vikombe viwili vya kahawa chungu kijiweni saa kumi na mbili jioni vitakuwa bado vinafanya kazi saa tano usiku.

Wengi walioacha pombe hujaza pengo kwa kahawa, chai ya rangi, soda za kola na vinywaji vya kuongeza nguvu. Vinywe asubuhi. Sigara nayo huamsha ubongo, kwa hiyo usivute ukikaribia kulala. Na mirungi, mbali na kukatazwa na sheria, itakufanya ukeshe mpaka alfajiri.

6. Kula chakula cha jioni, hasa kama ulikuwa mtu wa mbege

Mbege ni ndizi na ulezi, na inashibisha. Wapo waliokuwa wanaifanya chakula chao cha jioni kwa miaka: wanatoka kilabuni wameshiba, wanaingia kitandani. Ukiacha mbege bila kuweka chakula mahali pake, njaa itakuamsha saa nane na utadhani ni kiu ya pombe.

Kula saa moja au saa mbili jioni. Bakuli la mtori wa moto linatosha kabisa: ndizi zimelainika, nyama kidogo, mchuzi usio na mafuta mengi. Machalari, ugali na maharage, au uji wa ulezi wenye maziwa pia vinafaa. Nyama choma nyingi na pilipili saa nne usiku vitakupa kiungulia badala ya usingizi. Maji yanywe zaidi mchana, yapungue jioni, ili usiamke kila mara kwenda chooni.

7. Saa za kilabu zipe kazi nyingine

Kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa tatu usiku, miguu ilikuwa inajua njia. Saa hizo zikibaki tupu, mambo mawili hutokea: ama utarudi grosari "kusalimia tu", ama utaingia kitandani saa mbili kwa kukosa la kufanya, halafu utagaagaa mpaka usiku wa manane.

Panga mapema. Jumatatu mazoezi ya kwaya, Jumanne kumsaidia mtoto masomo, Jumatano kumtembelea shangazi, Alhamisi jumuiya. Badili hata njia ya kurudia nyumbani kama inapita mlangoni kwa kilabu. Na usiingie kitandani kabla usingizi haujakuita.

8. Usipigane na kitanda

Ukiona umejilaza kama dakika 20 na usingizi haujaja, inuka. Usikodolee saa, usihesabu saa zilizobaki mpaka asubuhi. Kaa kwenye kiti, taa hafifu, fanya kitu cha kutuliza: soma Zaburi, vuta tasbihi, chambua maharage ya kesho. Simu iache chumba kingine. Macho yakianza kuwa mazito, rudi. Yasipofunga tena, inuka tena.

Lengo ni kitanda kijulikane kuwa mahali pa kulala. Mtaalamu wa Marekani, Richard Bootzin, alieleza njia hii mwaka 1972, na mpaka leo ni sehemu ya tiba inayopendekezwa kwanza kwa watu wenye tatizo sugu la usingizi. Siku za mwanzo utaona kama unajitesa. Ipe wiki tatu.

9. Baridi ya mlimani na joto la mjini

Juni na Julai huko juu ni baridi kali, na wengi hunywa "kupasha mwili". Pombe haipashi mwili. Hupanua mishipa ya damu chini ya ngozi, unahisi joto, wakati joto lenyewe linatoka nje. Blanketi zito na soksi vitafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Oga maji ya moto saa moja au mbili kabla ya kulala: mwili ukianza kupoa baada ya hapo, usingizi husogea.

Mjini Januari na Februari tatizo ni joto, na jasho la kuacha pombe huliongeza. Fungua dirisha, tumia shuka jepesi, weka nguo kavu karibu. Chandarua kisikose.

10. Usinunue usingizi duka la dawa, na usiogope ndoto

Valiamu hutumika hospitalini kumtoa mtu kwenye pombe, kwa kipimo na kwa siku chache. Ukijinunulia mwenyewe, unaweza kuhamisha utegemezi kutoka kwenye chupa kwenda kwenye kidonge. Na ukiichanganya na pombe, pumzi inaweza kukata. Piriton nayo hunywewa na wengi kwa ajili ya kusinzia, ilhali ni dawa ya mzio; hulevya mpaka asubuhi na haitibu tatizo. Mizizi na majani usiyojua yana nini, yaache. Ini lako limefanya kazi ya kutosha.

Ndoto ni jambo jingine. Pombe ilikuwa inazikandamiza, sasa zinarudi kwa wingi na kwa nguvu. Utaota unakunywa, utaamka na aibu na hofu kana kwamba umeanguka kweli. Hukuanguka. Ndoto hizo huwapata wengi walioacha, na hupungua.

11. Andaa jibu lako, na watu wako

Harusi, msiba, kupeleka mahari, na Desemba familia zote zinaporudi nyumbani: mbege iko pale, na kata ikifika kwako kuikataa huonekana kama kumkataa aliyekupa. Jibu lako liwe limeshaiva kabla ya siku yenyewe. "Shikamoo babu. Kata yako naiheshimu, ila daktari amenikataza. Nisaidie chai." Sema kwa upole, mara moja, bila maelezo marefu. Ukiwa umelala vibaya usiku uliotangulia, fika mapema, toa pole au pongezi zako, ondoka kabla ya jioni. Uchovu hupunguza uwezo wa kukataa.

Nyumbani mwambie mke, mume au mama kinachokusumbua usiku. Wakijua, hawatashangaa kukukuta umekaa sebuleni saa tisa, na watajua wakati wa kukupeleka hospitali. Kama umeacha kwa wiki nne na bado hulali, au una huzuni nzito, au unawaza kujidhuru, usingoje zaidi. Nenda hospitali uombe kuonana na mtaalamu wa afya ya akili.

Usione haya. KCMC imekuwa ikiwahudumia watu wa mkoa huu tangu 1971, na swali la pombe si geni pale. Maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani ya kupima unywaji yametafsiriwa kwa Kiswahili na kujaribiwa hapohapo Moshi. Watafiti wa KCMC, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, waliandaa ushauri mfupi wa ana kwa ana kwa majeruhi wanaokunywa, wakauita Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Muuguzi atakayekusikiliza ameshasikia habari kama yako.

Anza leo na mambo mawili tu: panga saa ya kuamka kesho, na mwambie mtu mmoja wa nyumbani kwamba hulali. Mengine yaongeze wiki hadi wiki. Usiku wa leo ukiwa mbaya, amka saa uliyopanga na usinywe. Usingizi utarudi, na ukirudi utakuwa wako mwenyewe.